Nimeacha Nyenje, Nafuga Mende: Miezi Minane kwenye Nyumba ya Kupanga, Umoja

Niaje watu wangu, karibuni tena. Kama uko mezani unakula, simamisha video, maliza ugali wako, halafu urudi, kwa sababu leo nafungua hili boksi.

Boksi lenyewe ni la plastiki, lita 50, nimelitoa soko la Gikomba kwa mia saba baada ya kubishana mpaka muuzaji akachoka. Ndani kuna mende. Ndiyo, mende. Nyinyi mnanunua chaki ya kuwaua, mimi nimetoa pesa kuwaleta nyumbani. Mama alipokuja kutoka Machakos mwezi wa nne akachungulia, akaniuliza, "Mwanangu, hata kuku ulikosa?"

Kwa wageni: anayefugiwa hawa ni Chifu, huyu hapa, mjusi mwenye ndevu, ukoo wake ni wa Australia. Mwaka jana wote amekula nyenje. Rudini kwenye video za zamani mtasikia krii krii kwa nyuma, na mkaniandikia eti maiki imekufa. Haikuwa maiki. Ni madume ya nyenje yanasugua mabawa kuita majike, usiku kucha, ghorofa ya nne. Jirani wa chini akamwambia msimamizi wa ploti kwamba nimeweka mashine. Mzee wa watu akapanda saa tano usiku na tochi kutafuta mashine.

Halafu harufu. Nyenje anaishi wiki nane, kumi hivi, basi. Kila siku unaokota maiti. Ukiwawekea maji hata kwenye kifuniko cha soda, wanazama. Nilichoka, jamani.

Sasa huyu anaitwa dubia, Blaptica dubia, mende wa Amerika Kusini. Si yule wa jikoni kwako. Mambo ya protini nayaruka, mmeyasikia mara mia. Ukilisha nyenje, ukilisha mende, unga wa kalisiamu unanyunyizia vilevile. Ninachotaka mwone ni kitu kimoja tu, kilichonifanya nihame. Ngoja nisogeze kamera.

Hili ni bakuli la glasi, lile la saladi. Natia ishirini. Angalia huyu jike, mkubwa, sentimita nne na kitu, hana mabawa, ana vipande viwili tu mabegani. Anakuja ukutani. Anaweka miguu ya mbele... anateleza. Anajaribu tena, anainua kifua, anakwaruza glasi, mnasikia? Anarudi chini kwa mgongo. Ni kama abiria anadandia matatu iliyoshaondoka. Huyu mwenye koti refu ni dume, ana mabawa kamili, na mtasema ataruka. Haya, namwinua kiasi hiki, namwachia. Anapepea pepepe, anaanguka kama jani la mwembe. Basi. Hana zaidi.

Nakaa hapa dakika nzima bila kufunika. Naweka mkono mbali. Hakuna anayetoka.

Sasa nyenje. Nimebakiza wachache kwa ajili ya hii video. Natia mmoja kwenye bakuli hilo hi... Mmeona? Hata sijaondoa kidole! Ameingia chini ya kochi. Huyo sasa ni mpangaji wangu, ataimba mpaka Jumapili.

Lakini msinielewe vibaya. Mende huyu hashindwi na kila ukuta, anashindwa na ukuta laini. Trei ya mayai anapanda, kitambaa anapanda, hata mkono wa shati. Boksi langu la kwanza lilikuwa la mtumba, lina mikwaruzo ndani, na asubuhi moja nikakuta sita wamening'inia karibu na kifuniko, wameshika ile mikwaruzo kama ngazi. Ndiyo maana hapa juu nimezungusha selotepu pana ya kufungia katoni, duru nzima, na ninaipangusa vumbi kila wiki. Vumbi likikaa, ngazi imerudi.

Faida kwa Chifu ni hii: namwekea mende watano kwenye bakuli, naenda kazini. Wale watakaobaki watamsubiri humo humo. Nyenje walikuwa wanatawanyika, usiku wanaona njaa wanamtafuna yeye. Mwaka jana nilimkuta na kidonda kwenye kidole cha mguu.

Haya, furaha sasa inapungua. Watu wa Mombasa, nyinyi mmebarikiwa, mnaweza kufunga video hapa. Dubia akitaka kuzaa anataka nyuzi joto 28 hadi 32. Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari, na mwezi wa saba usiku unashuka mpaka kumi, kumi na mbili. Nilinunua wadogo sitini mwezi wa pili, wakakua vizuri, mwezi wa sita majike wamekomaa, madume wamevaa makoti, nikaanza kuhesabu vitoto kichwani. Hakuna. Mwezi wa saba hakuna. Wa nane hakuna. Hawafi, hawazai, wamejikunja kwenye trei kama wapangaji wanaomkwepa landilodi.

Nikashuka Luthuli, ile barabara ya maduka ya vifaa vya umeme mjini, nikanunua mkeka wa joto na kidhibiti chake, elfu mbili mia nane. Tokeni za stima zikaanza kukimbia. Na wikendi moja stima ikapotea siku mbili, nikajaza kijerikeni maji ya moto, nikakifunga na leso ya mama, nikakisimamisha kando ya boksi. Kila baada ya saa tano naamka kubadilisha maji. Kwa ajili ya mende!

Mwisho wa mwezi wa tisa, asubuhi, nainua trei: vitu vyeupe vinatembea. Vyeupe pepe, kama punje za pishori zilizoota miguu. Dubia hatagi ovyo, mayai anayabeba tumboni na watoto wanatoka wazima, ishirini, thelathini kwa mzao mmoja. Jioni nilipotoka kazini walikuwa wameshakuwa kahawia. Nilimpigia mama simu. Alikata.

Kwa hiyo mtaniuliza, miezi yote hiyo Chifu alikula nini? Mende kidogo, madume ya ziada tu, maana dume mmoja anatosha majike watatu hadi watano. Zaidi alikula mabuu ya BSF, yule nzi mweusi anayefugwa kwa chakula cha kuku, ambayo kalisiamu yamebeba yenyewe. Na... sawa, nyenje. Kila Ijumaa. Nikubali, nyenje wa hapa ana heshima yake. Kuna aina wafugaji wa Kenya wanafuga sana, wataalamu waliitambua rasmi mwaka 2018 wakaipa jina Scapsipedus icipe, kwa ile taasisi ya wadudu, icipe, pale Kasarani. Jike anataga mamia, na baridi yetu anaijua. Tena akikimbia, Chifu anamfukuza chumba kizima. Mende anajifanya amekufa, na Chifu anamtazama tu, ananitazama mimi.

Jambo lingine, na hapa sicheki. Aliyeniuzia alinionyesha karatasi zake, na wewe uulize zako. Usibebe mdudu hai kwenye begi kuvuka mpaka. Mnakumbuka 2025, wale wanne walionaswa na maelfu ya malkia wa chungu? Mahakama ya pale uwanja wa ndege wa JKIA iliwapiga faini ya milioni moja kila mmoja, au mwaka jela. Chungu tu! Na yule kinyonga wa kwenye ua wa shosho mwache hapo, bila kibali cha KWS, lile shirika la wanyamapori, huyo si wako.

Ukisafisha boksi vaa barakoa, kinyesi chao kikikauka kinakuwa vumbi na wengine kinawawasha kifua. Mimi hupiga chafya.

Jumamosi saa mbili usiku niko laivu, tutapima kama kijerikeni kinaweza kushinda mkeka wa joto, maana bili yangu imenishtua. Na wale mnaouliza bei: siuzi. Hawa weupe watakomaa baada ya miezi minne au zaidi, na mpaka hapo sina wa kumpa mtu. Tafadhali acheni kutuma pesa kwa ile namba iliyo chini ya video, hiyo ni ya mchango wa maiki. Kuna mtu ametuma mia tano akaandika "majike kumi". Ndugu yangu, nimekurudishia, angalia simu.