Tamasha la Nyua la Córdoba: Tathmini ya Safari ya Mwezi Mei

Kwa msafiri wa Afrika Mashariki mwenye nafasi ya kwenda Ulaya mara moja tu, na ambaye angependa kurudi akiwa ameona jambo lisilopatikana katika miji mingine ya bara hilo, pendekezo langu ni Córdoba, kusini mwa Uhispania, katika nusu ya kwanza ya mwezi Mei. Huo ndio wakati wa Tamasha la Nyua, ambapo wakazi wa mitaa ya kale hufungua milango ya nyua, yaani sehemu za wazi zilizo katikati ya nyumba zao, ili mgeni yeyote aingie bila kiingilio na kutazama maua waliyoyalea mwaka mzima. Matamasha mengi ya majira ya machipuko niliyohudhuria Ulaya huandaliwa tangu mwanzo hadi mwisho kwa ajili ya watalii. Hili la Córdoba limebaki kuwa shughuli ya wenyeji wenyewe, na mgeni hukaribishwa ndani yake. Tofauti hiyo ndiyo inayolifanya listahili nauli, na ndiyo hiyo hiyo inayolifanya liwe jepesi kuharibika.

Nianze na hali ya hewa, kwa kuwa ndiyo inayoamua mengine yote. Córdoba imo katika bonde la mto Guadalquivir, mbali na bahari, na wakati wa kiangazi ni miongoni mwa miji yenye joto kali zaidi Ulaya: wastani wa joto la mchana mwezi Julai hufikia nyuzi 37 hivi, na Julai 2017 kituo cha uwanja wake wa ndege kilipima nyuzi 46.9. Mei ni hali nyingine kabisa. Mchana huwa na nyuzi 27 au 28, hewa ni kavu, na usiku joto hushuka hadi nyuzi 13 hivi, kiasi kwamba mtu aliyezoea Tanga au Mombasa atahitaji sweta lakini hatalazimika kununua koti zito. Wakati masika yanapotia tope barabara zetu, huko mvua zinakaribia kwisha na mimea ipo katika ubora wake, kabla jua la Juni halijaanza kuichoma. Jambo jingine litakalomshangaza mtu aliyekulia karibu na ikweta ni urefu wa mchana, kwani katikati ya Mei jua huzama baada ya saa tatu usiku. Muislamu ajipange kuswali Magharibi saa hizo na Isha karibu na saa tano, na yeyote aliyezoea kula chakula cha jioni saa moja atakuta migahawa mingi bado imefunga jiko.

Nyua zenyewe ni za kale kuliko tamasha. Warumi walijenga nyumba zilizozunguka uwazi wa katikati, Waislamu wa Andalusia, yaani kusini mwa Uhispania, wakauendeleza mtindo huo kwa kuongeza maji, kivuli na miti, na katika karne za baadaye nyumba kubwa za Córdoba ziligawanywa vyumba vya kupangisha, familia kadhaa zikachangia ua mmoja, kisima kimoja na mabeseni ya kufulia yale yale. Msomaji aliyewahi kuingia katika nyumba ya mawe ya Lamu, yenye kuta nene na ua wa ndani ulio wazi kwa juu, ataelewa mara moja kazi ya uwazi huo: kuta ndefu hutia kivuli, maji yanayomwagwa sakafuni huchukua joto yanapogeuka mvuke, na upepo wa jioni hupita vyumbani. Halmashauri ya mji ilianzisha mashindano ya nyua mwaka 1921, na mwaka 2012 UNESCO ikaliingiza tamasha hilo katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika. Leo nyua zipatazo 50 hushindana kila mwaka katika makundi mawili, moja la nyumba za ujenzi wa kale na jingine la zile zilizojengwa au kukarabatiwa kisasa, na wenye nyumba hupata zawadi na ruzuku kutoka kwa halmashauri.

Mtaa wa San Basilio, ambao huitwa pia Alcázar Viejo, ndio maarufu kuliko yote, na umaarufu huo una haki yake. Mgeni hupita lango la nondo na ushoroba mfupi wenye giza, kisha ghafla anajikuta katikati ya kuta zilizopakwa chokaa nyeupe, zilizotundikwa mamia ya vyungu vya jeraniumu kutoka usawa wa goti hadi chini ya paa. Sakafu ni ya kokoto zilizopangwa kwa michoro, pembeni kuna kisima, na juu ya mlango wa jiko hutambaa asumini au bogonvilia, mimea ambayo mtu wa Unguja ataisalimu kama jirani yake. Vyungu vya juu haviwezi kufikiwa kwa mkono, kwa hiyo wenyeji hufunga kopo dogo kwenye ncha ya mwanzi mrefu na kumwagilia chungu kimoja baada ya kingine. Kazi hiyo wameienzi kwa sanamu ya shaba ya mwanamke anayemwagilia maua, iliyosimamishwa Puerta del Rincón. Bibi mmoja aliyekuwa ameketi kwenye kiti cha ukindu kando ya kisima chake alinieleza, kwa msaada wa mjukuu aliyejua Kiingereza kidogo, kwamba vipandikizi vya mwaka ujao huanza kutengwa mara tamasha linapokwisha, na kwamba wakati wa joto kali hatoki mjini hata kwa siku mbili kwa sababu hakuna wa kumwamini na maji. Nilipotoka hapo nilikuwa nimeacha kuliona tamasha hili kama maonyesho ya mapambo. Ni kazi ya nyumbani, tena nzito, ambayo kwa kiasi kikubwa imebebwa na wazee, na mgeni anapaswa kuingia akilitambua hilo: asalimie kwanza, asiguse vyungu, asipande ngazi za vyumbani, na asigeuze kizingiti cha mtu kuwa studio ya picha.

Kasoro kubwa ni msongamano, na sitaupunguza. Siku za Jumamosi na Jumapili mabasi huleta watu kutoka miji yote ya Andalusia, foleni za San Basilio huzunguka kona za vichochoro, na baada ya kusubiri juani mgeni huruhusiwa dakika chache tu ndani kabla msimamizi wa mlangoni hajamwomba awapishe wengine. Katika hali hiyo hakuna mazungumzo na mwenye nyumba, na yeye mwenyewe huonekana amechoka. Afadhali kupanga ziara kati ya Jumatatu na Alhamisi, kuwa mlangoni kabla ya saa tano asubuhi nyua zinapofunguliwa, na kuanza na njia za Santa Marina na San Lorenzo, ambako nyumba si duni hata kidogo na watu ni wachache. Nyua hufungwa mchana kuanzia saa nane na hufunguliwa tena saa kumi na mbili jioni hadi saa nne usiku. Zamu ya jioni ndiyo niliyoipenda zaidi, kwa sababu maji yametoka kumwagwa, asumini imeanza kunukia, na majirani huja kutazamana kazi zao.

Saa za mchana zitumike kupumzika au kwenda Mezquita, msikiti mkuu wa kale ambao leo ni kanisa kuu la Kikatoliki. Ujenzi wake ulianza mwaka 785 chini ya Abd al-Rahman I, mwana wa ukoo wa Banu Umayya aliyekimbia maangamizi ya jamaa zake huko Shamu (Syria) na kujisimika Córdoba, na watawala waliofuata wakaupanua kwa muda wa karne mbili. Nguzo 856 zimesalia, zikibeba matao ya ghorofa mbili yenye mistari ya rangi nyekundu na nyeupe, na mihrabu iliyopambwa kwa vipande vya dhahabu katika zama za khalifa al-Hakam II ni kazi ambayo picha haziwezi kuieleza. Mji ulipotwaliwa na mfalme Mkristo Fernando III mwaka 1236 jengo liligeuzwa kanisa, na kuanzia mwaka 1523 ukumbi mkubwa wa ibada ya Kikristo ulijengwa katikati ya nguzo hizo. Muislamu ajue mapema kwamba swala hairuhusiwi ndani, na walinzi hulisimamia jambo hilo kwa makini. Ni vizuri kuingia ukiwa umejiandaa kwa huzuni hiyo ili usikoseshwe uzuri uliopo. Tiketi niliilipia euro 13, lakini kuanzia Jumatatu hadi Jumamosi, saa mbili na nusu hadi saa tatu na nusu asubuhi, huwa kuna kipindi cha kuingia bure, nacho ndicho chenye utulivu mkubwa zaidi. Katika vichochoro vya jirani utapita penye sinagogi la mwaka 1315 na sanamu za wanafalsafa wawili waliozaliwa katika mji huu, Ibn Rushd, Muislamu, na Maimonides, Myahudi. Anayebakiwa na nusu siku aende Medina Azahara, magofu ya mji wa kifalme ulioanza kujengwa mwaka 936, kilomita 8 hivi magharibi, ambao uliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2018.

Kuhusu chakula, mji unajivunia salmorejo, rojo zito na baridi la nyanya, mkate, kitunguu saumu na mafuta ya zeituni, ambalo linaifaa sana hali ya hewa ya Mei. Kwa kawaida hunyunyiziwa yai la kuchemsha na vipande vya paja la nguruwe lililokaushwa, kwa hiyo asiyekula nguruwe aseme mapema aletewe bila nyama, jambo ambalo wahudumu walilikubali bila kusita kila nilipoomba. Biringanya za kukaanga zinazomiminiwa asali ya miwa zilinipendeza kuliko sahani yoyote ya nyama. Flamenquín, ambayo huagizwa na wengi kwa mwonekano wake, ni nyama ya nguruwe iliyoviringishwa na kukaangwa, na orodha za vyakula hazilielezi hilo kila mara. Karibu na Mezquita kuna nyumba za chai za mtindo wa Kimoroko zenye chai ya nana na vitafunio vya lozi, na huko ndiko msafiri Muislamu atakula kwa utulivu zaidi. Ahakikishe tu, kwa kuuliza, nyama imetoka wapi.

Malazi ndiyo yatakayopima mfuko. Katika wiki za tamasha bei za vyumba ndani ya mji wa kale hupanda sana, na nyumba moja ya wageni niliyokuwa nimeafikiana nayo kwa barua pepe ilinipandishia bei siku chache kabla ya kufika, ikijua kwamba nafasi kwingine zimekwisha. Tangu hapo nashauri kulipia mapema mahali panapotoa stakabadhi kamili, au kulala Sevilla na kuja kwa treni, mwendo wa dakika 45 hivi, ingawa anayefanya hivyo hujinyima sehemu ya zamu ya jioni. Usafiri kwa jumla haunipi lawama yoyote. Kutoka kwetu mtu huunganisha ndege Addis Ababa, Doha au Istanbul hadi Madrid, kisha treni ya mwendo kasi, katika njia iliyofunguliwa mwaka 1992, humfikisha Córdoba kwa muda usiozidi saa mbili. Kituo kiko umbali wa kutembea kwa miguu hadi mitaa ya kale, na ndani ya mji wenyewe hakuna haja ya gari.

Viza ya Schengen, ile ya kuingia Uhispania na nchi nyingi za Ulaya, ndiyo sehemu ngumu kuliko zote kwa Mtanzania au Mkenya. Tangu Juni 2024 ada ya mtu mzima ni euro 90, bima ya safari inatakiwa iwe na kinga isiyopungua euro 30,000, na maombi hupokelewa kuanzia miezi 6 hadi siku 15 kabla ya safari. Siku 15 hizo zisimdanganye mtu, kwa sababu miadi ya kuwasilisha maombi hujaa kadiri kiangazi cha Ulaya kinavyokaribia. Anayetaka kuwa Córdoba mwanzoni mwa Mei awe ameshika miadi yake kufikia Februari.

Mei ya Córdoba ina sherehe nyingine pia. Misalaba iliyopambwa kwa maua husimamishwa viwanjani karibu na mwanzo wa mwezi, kukiwa na muziki na vinywaji hadi usiku wa manane, na mwishoni mwa Mei hufuata maonyesho makubwa ya Nuestra Señora de la Salud katika uwanja wa El Arenal, ambako mahema mengi huwa wazi kwa kila mtu, tofauti na Sevilla ambako mengi ni ya wanachama na familia. Kwa mwenye vijana wanaopenda ngoma na farasi, wiki hiyo ya mwisho inafaa, ila joto huwa limeshaanza kuzidi na nyua nyingi zimekwisha kufunga milango. Atakayekosa tarehe za nyua anaweza kwenda Palacio de Viana, jumba la makumbusho lenye nyua 12 zinazotazamwa mwaka mzima kwa kiingilio. Ni bustani nzuri zilizotunzwa na wafanyakazi wa kuajiriwa, lakini hakuna bibi wa kukueleza habari za maji. Kwa sababu hiyo, kama ningelazimika kuchagua siku chache tu katika mwezi mzima, ningefika Jumapili usiku umati ukiondoka, na kuanza San Lorenzo Jumatatu asubuhi.