Ukubwa wa Vipande vya Mkaa: Upi Ununue kwa Jiko la Nyumbani Mtwara na Lindi

Mnunuzi wa mkaa katika masoko ya Mtwara na Lindi kwa kawaida huuliza bei kwanza, kisha huuliza mkaa umetokana na mti gani, ilhali jambo linaloamua kama chakula kitaiva kwa wakati ni ukubwa wa vipande. Aina ya mti ina uzito wake, lakini hata mkaa wa mti mgumu kabisa hauwaki vizuri ukijaa chenga, kwa sababu jiko letu halina feni wala bomba la moshi. Moto wake hutegemea hewa inayoingia kwa mlango wa chini, ikapanda kupitia matundu, ikapenya katikati ya vipande. Nafasi hizo zikiziba, moto hufifia. Zikiwa pana mno, joto jingi hupotelea pembeni mwa sufuria.

Nafasi ya kwanza ninaipa bila kusita mkaa wa vipande vya wastani, vyenye upana wa sentimita 3 hadi 6, yaani karibu na ukubwa wa yai la kuku. Katika jiko la bati au la udongo la familia ya kawaida, vipande vya kadiri hiyo hukaa tabaka mbili au tatu, hushika moto bila kupepewa kwa muda mrefu, na hudumu mpaka sufuria ya mbaazi kavu ikalainika bila kuongezewa mkaa kila mara. Anayepika wali wa nazi atapata faida nyingine: makaa hayo hushikika kwa koleo bila kuvunjika, hivyo wali unapokauka huweza kuyapalia juu ya mfuniko na kuyaondoa baadaye bila majivu kudondokea chakulani. Kazi hiyo haiwezekani kwa chenga, na kwa mapande makubwa ni ya hatari.

Hapa ndipo aina ya mti inapoingia. Mkaa wa miti migumu ya misitu ya miombo ni mzito na hukaa motoni muda mrefu, na mkaa wa mikorosho mizee inayokatwa mashambani ni mwepesi zaidi, unawahi kuwaka na unawahi kwisha. Kwa hiyo, bei zikilingana, chukua ule mzito. Na kama mwepesi unauzwa kwa bei ya chini kweli, chagua vipande vyake vilivyo vikubwa kidogo, kwani vidogo vitakuwa majivu kabla ugali haujasongwa. Gonganisha vipande viwili: mkaa mgumu ulioiva hutoa mlio mkali. Kisha vunja kimoja. Ukiona ndani uso mweusi unaong'aa, umepata mkaa mzuri. Ukiona rangi ya kahawia, kuni haikuiva tanurini na itakutolea moshi machoni hadi iishe.

Nafasi ya pili ni ya briketi, ambazo wengi huziita mkaa mbadala. Ubora wake mkubwa ni kwamba zimekwisha kulinganishwa ukubwa kiwandani au katika mashine ya mkono, kwa hiyo hewa hupita kwa usawa na joto halipandi wala kushuka ovyo. Nazipendekeza kwa vyakula vya kuchemka muda mrefu, kama maharage, kunde na supu. Sababu ya kuzinyima nafasi ya kwanza ni kwamba huchelewa kushika moto, jambo linalomwelemea anayetaka chai ya haraka alfajiri, na nyingi huacha majivu mengi yanayohitaji kutikiswa. Muulize muuzaji zimetengenezwa kwa kitu gani, maana zipo za vumbi la mkaa, za vifuu vya nazi na hata za makaa ya mawe, kama Rafiki Briquettes za Shirika la Madini la Taifa (STAMICO). Iangushe moja kutoka usawa wa kiuno, ikisambaratika, usinunue.

Mapande makubwa, yale yanayozidi sentimita 10, yanashika nafasi ya tatu. Kwa mama lishe mwenye jiko pana au mchoma samaki yanafaa sana, lakini katika jiko dogo yanaingia mawili au matatu tu, yanaacha mapengo, na yanachukua muda kuwaka. Hata hivyo, kwa anayenunua gunia la kuhifadhi kabla ya mvua, ambazo kwetu hunyesha zaidi kati ya Desemba na Aprili, mapande ni chaguo la busara kwa kuwa hayasagiki upesi. Yavunje kidogo kidogo kwa mgongo wa panga juu ya kiroba, kwa sababu kila pigo hutoa chenga na chenga hizo umezilipia.

Vipande vidogo vya chini ya sentimita 2 vinunuliwe kwa fungu tu, kwa ajili ya kuwashia moto au kuchemshia chai. Chenga zenyewe ni za mwisho kabisa. Zikijazwa jikoni huzuia hewa, na moto unaokosa hewa huzidisha kaboni monoksaidi, hewa isiyo na rangi wala harufu ambayo huua watu wakiwa usingizini; ndiyo maana jiko la mkaa halipaswi kuingizwa chumba cha kulala, hata usiku wa baridi. Matumizi yake ya maana ni kuzichanganya na uji wa muhogo na kuzifinyanga kuwa briketi.

Watu wanaoona malori ya makaa ya mawe ya Ruvuma yakielekea bandari ya Mtwara huuliza kama vipande vyake vinaweza kuingia katika jiko la mkaa. Jibu langu ni hapana, kwa kuwa makaa hayo yakiwa ghafi hutoa moshi na gesi ya salfa, na majiko yetu hayakuundwa kuvitoa nje. Huko Pennsylvania, Marekani, nyumba zenye tanuru zinazojilisha zenyewe hutumia makaa ya mawe magumu yaliyochekechwa, mengine yakiwa punje za takriban milimita 5 hadi 8, na moshi hutolewa kwa bomba. Hata huko ukubwa usiolingana na tanuru huharibu moto.

Ukifika sokoni, usihukumu gunia kwa mdomo wake. Vipande vizuri hupangwa kwenye lumbesa, na chenga hukaa chini. Gunia la kilo 50 lenye kilo 8 za chenga ni gunia la kilo 42 kwa bei ya kilo 50. Mwombe muuzaji, kwa adabu, amimine debe moja juu ya turubai kutoka sehemu ya chini. Shika vipande kadhaa uone kama ni vya baridi na vizito isivyo kawaida, dalili kwamba vimelowa na kwamba utalipia maji, kisha upatane bei kwa kile kilicho juu ya turubai.