Core i7-6700 kwa mashine ya gemu ya zamani: bei ndiyo iamue

Mashine ya gemu ya bei nafuu hapa Tabora mara nyingi huanza maisha kama kompyuta ya ofisini ya mtumba: Dell OptiPlex au HP EliteDesk yenye prosesa ya Intel ya kizazi cha sita, Core i5-6500, kisha mwenyewe anaongeza SSD (diski ya kasi) na kadi ya picha kama GTX 1050 Ti inayotosheka na umeme wa sloti. Gemu zikianza kustaki, ushauri wa kwanza utakaopewa ni "weka i7-6700". Ushauri huo unawafaa baadhi ya watu tu.

Unachonunua hapo ni thredi, yaani idadi ya kazi ambazo kori (vitengo vya kazi vya prosesa) zinaendesha kwa mpigo. i5-6500 ina kori 4 na thredi 4, spidi ya 3.2 hadi 3.6 GHz, kache (kumbukumbu ndogo ya ndani ya prosesa) ya MB 6. i7-6700 ina kori hizohizo 4 lakini thredi 8, spidi ya 3.4 hadi 4.0 GHz na kache ya MB 8. Zote ni za mwaka 2015, soketi LGA1151, wati 65, kwa hiyo pawasaplai ya wati 240 iliyokuja na OptiPlex 7040 haibadilishwi. Tofauti ya spidi ni ndogo. Thredi nne za ziada zinaonekana pale gemu inapopakia vitu vingi kwa mpigo: kwenye GTA V ukiingia mjini na gari kwa kasi, i5 inagonga asilimia 100 na picha inakwama nusu sekunde, ingawa wastani wa fremu (picha kwa sekunde) unasoma vizuri tu. i7 inatuliza mikwamo hiyo. Picha yenyewe haitapendeza zaidi, hiyo ni kazi ya kadi.

Kwa hiyo pima kabla ya kutoa hela. Cheza ukiwa na ukubwa wa picha wa 1080p, andika idadi ya fremu, kisha shusha hadi 720p urudi sehemu ileile. Fremu zikipanda sana, kadi ndiyo inayokubana na i7 haitakusaidia. Zikibaki palepale, prosesa imefika mwisho. Bonyeza Ctrl+Shift+Esc kufungua Task Manager uthibitishe: prosesa iko asilimia 100 huku kadi ikizembea kwenye 60 au 70. Fungua na kasha uangalie RAM. Mashine hizi huuzwa sana na kijiti kimoja, na kijiti kimoja kinafanya kazi kwa chaneli moja, yaani njia moja ya data badala ya mbili. Ongeza cha pili kinachofanana nacho, kwenye sloti inayoendana nacho, upime tena. Kuna watu wanaiacha i7 baada ya hatua hiyo, na wako sahihi.

Kwenye kununua ndiko watu wanakoumia, hasa anayeagiza Kariakoo mzigo uje kwa basi. Omba picha ya juu ya prosesa, maandishi yasomeke. i7-6700T ni ya mashine ndogo, wati 35, spidi inaanzia 2.8 GHz na kuishia 3.6, na wauzaji wengi huiita "i7-6700" bila kutaja herufi. i7-6700K inataka wati 91 na kipoza joto kikubwa, na madabodi ya ofisini haikuruhusu kuipandisha spidi. i7-8700 inaingia kwenye soketi lakini haiwaki kwenye madabodi ya kizazi cha sita. i7-7700 nayo inategemea BIOS (programu ya madabodi inayowasha mashine) kuitambua, hivyo achana nayo. Prosesa yoyote ikiwa na maandishi "Intel Confidential" ni sampuli ya majaribio, irudishe.

Kubadilisha ni kazi ya nusu saa. Washa mashine dakika kumi kwanza ili pesti kavu (ile ya kupitisha joto kati ya prosesa na kipoza joto) ilainike, izime, chomoa waya wa umeme, bonyeza kitufe cha kuwashia kumaliza chaji iliyobaki. Legeza skrubu nne za kipoza joto kwa mshazari, kisha kizungushe kidogo kushoto na kulia kabla ya kukinyanyua. Futa pesti ya zamani kwa spiriti ya isopropili na kitambaa kisichoacha nyuzi. Pini ziko kwenye madabodi, siyo kwenye prosesa: ukipinda moja tu, mashine inaweza kuacha kusoma sloti ya RAM, na hapo fundi atahangaika na RAM siku nzima. Toa i5, shika i7 kwa kingo, linganisha pembetatu ya dhahabu na alama ya soketi, iache ikae yenyewe bila kuisukuma. Pesti iwe tone la punje ya njegere. Kaza skrubu kwa mshazari na uishie zinapogota, kwa sababu bamba la prosesa za kizazi hiki ni jembamba kuliko la kizazi kilichotangulia na limewahi kupindishwa na vipoza joto vilivyobanwa kupita kiasi. Rudisha waya wa feni.

BIOS usiiguse kama mashine imewaka na kuitambua prosesa. Ukilazimika kuisasisha, tumia UPS (betri ya akiba ya umeme), maana umeme ukikatika katikati madabodi inaweza kufa.

Joto la Septemba na Oktoba hapa Tabora halina huruma, na i7 ikitumia thredi zote inachemka kuliko i5. Ikikaribia nyuzi 100 inajipunguzia spidi yenyewe, na faida uliyolipia inapotea. Lenga isizidi 85 baada ya nusu saa ya gemu. Kasha likae juu ya meza, mbali na vumbi la sakafuni, na mapezi ya kipoza joto yapulizwe kila mwezi wakati wa kiangazi, feni ikishikwa kwa kidole isizunguke.

Sasa bei. Bei ya i7-6700 ikizidi theluthi moja ya bei ya mashine nzima yenye i5-8500, acha. i5-8500 ina kori 6 kamili, inafika 4.1 GHz, na imo kwenye orodha ya Windows 11, ambayo kwa upande wa Intel kwa sehemu kubwa inaanzia kizazi cha nane. Windows 10 iliachwa na Microsoft tarehe 14 Oktoba 2025. Kadi na SSD utazihamisha, na RAM pia ikiwa ni ya aina ya DDR4. OptiPlex 5040 inatumia aina ya zamani, DDR3L, hiyo haihami.

Ukiipata i7 kwa bei isiyozidi kiwango hicho, i5 ya zamani usiiuze mpaka muda wa garantii ya muuzaji uishe.