Kabla hujanunua humido: vyombo vya kuvundikia siga, kuanzia bora hadi ovyo

Siga, ile sigara nene ambayo wazee wengine huiita biri, ikitoka kiwandani mara nyingi haijaiva. Ichukue mbichi ya Kuba, unuse upande wa kuwashia. Ukipigwa na harufu inayopanda puani kama ya banda la kuku asubuhi, hiyo ni amonia. Majani ya siga hayakaushwi kwa moto kama tumbaku ya kwenye mabani ya Urambo. Hukaushwa kwa hewa, kisha hurundikwa marundo makubwa yanayojipasha moto yenyewe, na amonia hutoka humo kidogo kidogo. Wakati wa kusokotwa hulowanishwa tena yasipasuke, na wenye haraka huiuza siga kabla haijatulia.

Ukiipumzisha mahali penye unyevu usioyumba, amonia inaisha, ukali unaokwaruza koo unapungua, na majani ya aina tofauti yaliyofungwa pamoja yanazoeana. Ile iliyokuwa pilipili tupu inaanza kutoa ladha ya kahawa, kakao, mkate wa kuoka. Madhara yanabaki palepale, tusidanganyane: kwa mdomo na koo, moshi wa siga ya miaka kumi ni moshi tu.

Huku ni kuvundika, sawa na kuvundika ndizi. Na kati ya kuvundika na kuvunda pana hatua moja, ambayo hutegemea chombo ulichonunua.

Unahitaji unyevu wa asilimia 65 hadi 70 na joto la nyuzi 18 hadi 21. Ushauri mwingi unaosomwa umeandikwa kwa watu wa nchi za baridi, ambao shida yao ni ukavu. Ukiwa Dar, Mombasa au Unguja, hewa yenyewe ina maji ya kutosha. Adui yako ni joto. Ndani ya majani huweza kuwamo mayai ya mdudu wa tumbaku, *Lasioderma serricorne*, yasiyoonekana kwa macho. Joto likipita nyuzi 24 hivi na kudumu hapo, yanaanguliwa.

Nilijifunza kwa hasara. Nilinunua sanduku zuri la mbao linalong'aa, lenye kipimo cha unyevu cha mshale juu ya kifuniko. Mshale ulisimama kwenye 70 mchana na usiku, nikaridhika. Januari moja niliinua siga, ukamwagika unga wa kahawia mezani. Ganda, lile jani la nje, lilikuwa na vitundu mviringo kama vya sindano. Niliiwasha hata hivyo, kwa ubishi. Moshi ukatokea pembeni, siga imekuwa filimbi. Kipimo nacho, nilipokijaribu, kilikuwa kimekwama tangu dukani.

Namba moja: kopo la plastiki la jikoni lenye mpira kwenye kifuniko. Ndiyo, lile la kuhifadhia chakula. Kwa siga zisizozidi 50 sioni kinacholishinda. Halipitishi hewa, na lenyewe mara nyingi ni rahisi kuliko siga moja ya Kuba. Fedha uliyookoa nunua pakiti za unyevu zinazofanya kazi pande zote mbili, kama za Boveda: ndani yake mna maji yenye chumvi, hewa ikikauka zinatoa unyevu, ikizidi zinafyonza. Pakiti ya gramu 60 huhesabiwa kwa siga 25. Zimeandikwa asilimia, kwa pwani chukua 65 au hata 62, achana na 72. Siga iliyoshiba maji huvimba, hupasuka ganda, na unavuta mpaka mashavu yaume. Hakikisha kopo ni jipya. Lililowahi kuwekwa vitunguu usilisogeze karibu.

Ongeza kipimo cha kidijitali, ukijaribu kabla ya kukiamini: weka kifuniko cha chupa chenye chumvi ya mezani iliyoloweshwa matone machache, iwe kama uji mzito, ndani ya mfuko uliofungwa kabisa pamoja na kipimo. Baada ya siku moja kisome 75. Kikisema 70, basi kinadanganya kwa 5, na utajua kujumlisha.

Namba mbili, na kwa mtu wa pwani anayetaka kuvundika mwaka na zaidi ni namba moja: friji ndogo ya mvinyo. Hii ndiyo pekee inayomaliza shida ya joto. Iweke kwenye nyuzi 18, siga zikae ndani ya makopo yake na pakiti zake, kwa sababu friji hukausha hewa na kutonesha maji ukutani. Umeme ukikatika saa chache hakuna kinachoharibika, mradi usifungue mlango kila dakika. Ukiwa Nairobi huna haja nayo, kabati lililo mbali na jua linatosha.

Namba tatu: boksi la kubebea soda na barafu. Kuta zake nene hutuliza mabadiliko ya joto, ingawa haziliondoi. Linafaa ukiwa na maboksi mazima. Lioshe, lianike wazi wiki nzima mpaka harufu ya plastiki iishe.

Namba nne: humido ya mbao, yaani sanduku la siga kama lile lililonitia hasara. Ni nzuri mezani, na uzuri huo ndio unaolipiwa. Ile ambayo mchekeshaji Milton Berle alimpa Rais John F. Kennedy wa Marekani mwaka 1961 iliuzwa mnadani 1996 kwa dola 574,500. Ukiitaka, zima taa chumbani, weka tochi inayowaka ndani, ufunge. Mwanga ukichungulia, rudisha. Kabla ya kuitumia uinyweshe unyevu kama wiki mbili, la sivyo mbao zitanyonya siga zako.

Ukitaka fundi akutengenezee, kuwa makini na jina la mti. Mbao inayotakiwa ni *Cedrela odorata*, ambao kwetu Tanzania huitwa mwerezi. Uliletwa kupandwa na sasa umevamia hadi msitu wa Kimboza, Morogoro. Si mwerezi halisi, ni ndugu wa mkangazi. Kenya ukiagiza "sida", yaani mwerezi kwa Kiingereza, utaletewa mtarakwa, mti wa penseli na nguzo za uzio, na siga zitanuka penseli. Mkulo una harufu ya kafuri, usiuguse kabisa. Vibao vichache vya mwerezi unaweza kuvitia hata ndani ya kopo la namba moja.

Mwisho kabisa: friji ya chakula. Inakausha na inanuka samaki. Ina kazi moja: kuua mdudu. Siga mpya zifunge ndani ya mifuko miwili, zikae kwenye jokofu la kugandisha siku tatu, zihamie friji ya kawaida siku moja, ndipo zitoke nje. Ukizitoa ghafla zitapasuka.

Na siga zenyewe? Zilizosafiri zipe wiki mbili hadi nne. Kali za Nikaragua hufaidika zaidi na miezi. Zile laini zenye ganda jepesi la rangi ya dhahabu hupoa zikikaa sana, usizizeeshe bure. Boksi la Kuba lina mhuri wa mwezi na mwaka lilipofungwa, chini yake, kwa Kihispania: ENE ni Januari, DIC ni Desemba, kwa hiyo ligeuze kabla ya kulipa. Halafu nunua tano za aina moja badala ya tano tofauti. Vuta moja sasa, nyingine baada ya mwezi, ya tatu baada ya miezi mitatu, ya nne nusu mwaka. Ya tano ifiche, na umwambie mtu mwingine ulipoificha.