Waya hakuweka, lawama akanitupia mimi

Nimeshawalipa waongozaji wa kampuni moja ya kuvua paiki, samaki mla samaki wenzake, majira yote ya mwaka hapa Minnesota, Marekani, kwa hiyo siongei ya kuambiwa. Na bado nina hasira.

Ilikuwa baridi hii iliyopita. Matundu yametobolewa kwenye barafu, mitego ya kibendera imetegwa, kibendera kimoja kikasimama, maana yake samaki kavuta. Nikaukimbilia mshipi, nikauvuta kwa mikono, taratibu, uzito ambao mara ya mwisho niliusikia kwa sangara wa Mwanza. Paiki! Kichwa kikafika tunduni: mdomo bapa kama wa bata, jicho la manjano. Akakitikisa mara moja tu. Mshipi ukawa mwepesi, na ncha yake imekatika kama kwa wembe.

Waya hakuna! Meno ya paiki ni sindano tupu, anayemvua yeyote anajua kwamba kabla ya ndoana unafunga kipande cha waya. Na mitego aliifunga mwongozaji wetu, si mimi. Nikamuuliza. Hata usoni hakunitazama. "Umevuta kwa pupa," akasema mbele ya mwanangu, akarudi zake kibandani kunywa kahawa. Samaki kaondoka na ndoana mdomoni, na hilo linaniuma kuliko pesa.

Sitaki kuwaonea. Mei, msimu ulipofunguliwa, mwenzake wa hapo hapo alitupeleka penye majani, maji yanafika kiunoni, nikapata watatu kabla ya saa nne asubuhi. Kiangazi huyo huyo akatueleza ukweli: wakubwa wameshuka kilindini kufuata ubaridi, na anayevuliwa maji yakiwa na joto anaweza kufa hata ukimwachia. Siku hiyo akakataa kabisa kututoa. Mtu wa namna hiyo nampa mkono. Vuli ndiyo ilikuwa tamu kuliko zote. Nilimpata mmoja, akampima, inchi 24. Kwenye ukanda wetu, paiki wa inchi 22 hadi 26 hachukuliwi, anarudishwa majini. Akamshikilia majini kwa mikono miwili, kama anaogesha mtoto, mpaka samaki mwenyewe akapiga mkia.

Kwa hiyo nilikaa kuandika niwaambie nendeni vuli, baridi msiende. Lakini jana mwanangu kaniuliza tena kama ni kweli nilivuta vibaya. Basi msiende kabisa! Au mkienda, mwulizeni yule wa vuli kama yupo, na waya nunueni wenu, mfunge wenyewe kabla mshipi haujagusa maji.