Lenzi pana au lenzi ndefu? Uzoefu wangu wa kupiga mandhari kwa Canon 10-18 na 55-250

Ukiuliza lenzi gani inafaa kwa picha za mandhari, wengi watakujibu kabla hujamaliza swali: nunua pana, na ukiweza, pana zaidi. Mimi hiyo pana ninayo, Canon EF-S 10-18mm, na siiuzi. Lakini picha za mandhari ambazo watu huniomba nizichapishe wazitundike ukutani, nyingi zimetoka kwenye EF-S 55-250mm IS STM, lenzi ambayo huku kaskazini mwa Tanzania watu huinunua kwa ajili ya simba na twiga. Zote mbili nazitumia kwenye EOS 700D, kamera ya mwaka 2013 ambayo bado inapiga kazi. Ninaishi Moshi, kwa hiyo mengi nitakayosema nimeyapimia Mlima Kilimanjaro.

Kwanza tuelewane kuhusu namba. Milimita chache ni lenzi pana, inayoona eneo kubwa; milimita nyingi ni lenzi ndefu, inayokuza cha mbali. Kamera kama 700D ina sensa (kipande kinachopokea mwanga) ndogo, ile iitwayo APS-C, na kwa Canon unazidisha milimita za lenzi kwa 1.6 ili kulinganisha na kamera za sensa kubwa. Kwa hiyo 10mm inaona kama 16mm, na 250mm inaona kama 400mm. Hii ndiyo sababu ile 17-40mm f/4L yenye utepe mwekundu, ambayo wauzaji hupenda kukusukumia kwa maneno "hii ndiyo ya mapro", ukiifunga kwenye 700D inakuwa kama 27-64mm. Ni lenzi imara, lakini upana umekwisha. Kinyume chake, lenzi zenye herufi EF-S hazifungi kwenye DSLR (kamera zenye kioo cha kuakisi ndani) za sensa kubwa kama 6D au 5D. Kama una mpango wa kuhamia huko karibuni, hesabu hilo kabla hujatoa pesa.

Sasa 10-18. Ilitoka mwaka 2014 kwa dola 299 za Marekani, na kabla yake mwenye Canon ya sensa ndogo aliyetaka upana huo kwa lenzi ya Canon yenyewe alikuwa na 10-22mm ya mwaka 2004, ambayo ilikuwa ghali zaidi ya mara mbili. Ina uzito wa gramu 240 tu. Sehemu ya kufungia kwenye kamera ni ya plastiki, na hilo huwatisha watu dukani, ila kwa lenzi nyepesi namna hii silioni kuwa tatizo. Tundu lake la kupitishia mwanga, likiwa kubwa kabisa, ni f/4.5 ikiwa kwenye 10mm (namba ya f ikipanda, tundu linapungua), na lazima nikiri kwamba kwa mandhari ya mchana sijawahi kutamani zaidi, maana kamera iko kwenye tripodi na tundu liko f/8. Kingo za picha zinalegea kidogo ukiwa f/4.5, lakini ukifika f/8 zinakaza. Kivuli cha mbele cha kuzuia jua huuzwa peke yake, na kinahitajika, kwa sababu lenzi inayoona nyuzi 107 kutoka pembe hadi pembe ni rahisi sana kuingiza jua ndani.

Tatizo linaanzia pale mtu anapoigeuzia mlima. Kutoka Moshi hadi kilele cha Kibo ni kama kilomita 30 kwa mstari ulionyooka. Kilele kiko mita 5,895 juu ya usawa wa bahari na mji uko chini ya mita 1,000, kwa hiyo unatazama kitu kilichokuzidi kimo kwa takriban mita 5,000. Piga hesabu ya pembetatu: kwenye 10mm, mlima mzima unachukua kama sehemu moja ya tisa ya kimo cha picha. Yaani mlima mrefu kuliko yote Afrika unakuwa kichuguu nyuma ya nguzo ya umeme, na juu yake anga tupu. Kwenye 55mm, pale lenzi ndefu inapoanzia, mlima huohuo unachukua zaidi ya nusu ya kimo cha picha. Ukisogeza hadi 80mm hivi umejaza fremu.

Wengi huamini kwamba lenzi ndefu "inauvuta" mlima uje karibu na miti. Lenzi haina uwezo huo. Kinachopanga ukubwa wa kitu kimoja kwa kingine ni mahali uliposimama. Chukua mti wa mita 6. Ukiusimamia mita 10, unaonekana mrefu karibu mara nne kuliko Kibo. Ukirudi nyuma hadi kama mita 36, mti na mlima vinalingana. Ukirudi zaidi, mlima unaushinda mti. Kazi ya lenzi ni kukata kipande cha kile ambacho miguu yako imeshapanga. Lenzi pana inakulazimisha usogee karibu na mti ili uonekane, na ukisogea, umeuua mlima. Lenzi ndefu inakuruhusu kurudi nyuma. Tangu nilipolielewa hilo, nikienda kupiga migomba na Kibo nyuma yake, muda mwingi nautumia kutafuta njia ya kurudi nyuma bila kuingia shambani kwa mtu. Na hapa Uchagani, kwa jinsi vihamba, mashamba ya nyumbani, vilivyobanana, si kazi ndogo!

Basi 10-18 ni ya nini? Ni ya mahali ambapo jambo lenyewe liko miguuni pako, au ambapo huna pa kurudi nyuma. Mfano wangu wa kwanza ni maporomoko ya Materuni, juu ya Moshi upande wa Uru. Ukifika chini umebanwa na ukuta wa mwamba na msitu, maji yanaanguka kutoka juu kabisa, na ile 18-55 inayokuja na kamera haiwezi kubeba bonde lote hata ukiigeuza wima. 10-18 inabeba maji, mawe ya mbele na majani ya pembeni. Uwe na vitambaa viwili vikavu, kwa sababu manyunyu yatakaa kwenye kioo kabla hujahesabu tatu, na tone moja kwenye lenzi pana linaonekana waziwazi pichani. Ukiielekeza kamera juu sana, miti ya pembeni italalia katikati kama inataka kuanguka. Mimi huiweka kamera sawa kwa upeo, kisha nakata sehemu ya chini baadaye kwenye kompyuta.

Mfano wa pili ni pwani. Paje, Zanzibar, wakati wa bamvua maji yakishakupwa, bahari inarudi mbali sana na kuacha mchanga wenye mikunjo, vigingi vya mwani na vidimbwi vinavyobeba anga. Hapo nashusha tripodi hadi kamera inakaribia magoti, naweka 10mm, na mikunjo ya mchanga inaanzia chini ya fremu na kukimbia hadi upeo wa macho. Lenzi hii inafokasi kuanzia sentimita 22, kwa hiyo unaweza kukaribia kigingi kadiri utakavyo. Picha ya namna hiyo 55-250 haiwezi kuitoa hata ukiibembeleza. Ila usipokuwa na kitu cha mbele, bahari kwenye 10mm ni mstari tu. Nimeona ngalawa zilizopigwa hivyo, zimekuwa kama punje.

Kwa lenzi ndefu, pa kwenda ni Irente, Lushoto. Kila anayefika pale hutoa simu au lenzi pana, akapiga bonde zima, na bonde linatoka kama kitambaa cha kijivu chini ya anga. Weka 100mm hadi 200mm, kisha anza kuchagua: mistari ya mashamba ya mkonge kule chini Mazinde, barabara, kivuli cha wingu kimoja kinachotambaa juu ya tambarare, migongo ya Usambara inayofuatana mmoja nyuma ya mwingine, kila mmoja umefifia kuliko ule wa mbele yake. Kutoka sehemu ileile moja unaondoka na picha tano zisizofanana.

Ngorongoro vilevile. Kreta ina upana wa karibu kilomita 19 na kina cha mita 600 hivi. Ukisimama ukingoni na 10mm unaipata karibu yote, lakini ukuta wa ng'ambo unakuwa uzi. Mimi huweka 55mm, kamera wima, napiga picha zinazofuatana kutoka kushoto kwenda kulia, kila moja ikiingiliana na mwenzake kwa theluthi moja, na mwanga nimeufunga kwa mkono ili kamera isijibadilishie yenyewe. Nyumbani naziunganisha kwa programu ya Hugin, ambayo ni ya bure. Inatoka picha ndefu, yenye maelezo mengi kuliko sensa ya megapikseli 18 inavyoweza kutoa kwa pigo moja.

Lenzi ndefu ina masharti yake, na la kwanza ni hewa. Ukipiga kitu kilicho umbali wa kilomita 30, unapiga pia kilomita 30 za vumbi na mvuke. Saa sita mchana ardhi ikishapata moto, picha ya 250mm inatetemeka kama unaangalia kupitia maji, na hakuna lenzi ya bei yoyote itakayokuokoa. Siku nzuri ni asubuhi baada ya mvua ya usiku, vumbi likiwa limelala. Mwezi Julai hapa Moshi mlima unaweza kujifunika siku nyingi mfululizo. Januari na Februari ndiyo majira yangu. La pili ni upepo. 55-250 ina gramu 375 na haina mguu wake wa kufungia kwenye tripodi, kwa hiyo upepo wa ukingoni huitikisa. Nazima kituliza mtikisiko kamera ikiwa kwenye tripodi, natumia saa ya kuchelewesha pigo kwa sekunde 2, na mwili wangu naufanya kizuizi cha upepo.

Kufokasi kunatofautiana pia. Kwenye 10mm ukiwa f/8, fokasi ikikaa karibu mita moja tu, kila kitu kuanzia chini ya nusu mita hadi upeo wa macho kitakubalika. Kwenye 250mm kwa tundu hilohilo unahitaji kufokasi mita 400 na zaidi ili kupata ukali huo hadi mbali, kwa hiyo nafokasi juu ya mlima wenyewe na wa karibu atajijua. Lenzi zote mbili hazina kidirisha cha kuonyesha umbali, na pete ya fokasi inafanya kazi kupitia mota, yaani ukizima kamera, kuizungusha hakufanyi kitu. Nafungua skrini ya nyuma, nakuza mara kumi, naweka fokasi kwa mkono. Na usifunge tundu hadi f/22 ukidhani unaongeza ukali. Kwenye sensa ndogo, kupita f/11 mwanga unaanza kutawanyika na picha nzima inalegea, halafu vumbi lote la Serengeti lililokaa kwenye sensa linajitokeza angani kama madoa.

Filta nayobeba ni moja, polaraiza ya 67mm, inayoingia kwenye 10-18. Kwa 55-250, ambayo ni 58mm, natumia pete ya chuma ya kubadili saizi. Polaraiza hufanya kazi zaidi ukitazama kwa pembe mraba na jua. Moshi tuna bahati: asubuhi jua liko mashariki, mlima uko kaskazini. Kwenye lenzi ndefu anga linaiva na theluji inajitenga vizuri. Kwenye 10mm usijaribu angani, kwa sababu fremu ni pana mno. Katikati patakuwa na doa la buluu nzito na pembeni peupe. Materuni ni tofauti, kule naivaa bila wasiwasi, inaondoa mng'ao kwenye mawe na majani yaliyolowa.

Nyota? 10-18 haifai sana. Anayetaka Njia ya Maziwa (Milky Way) atafute Tokina 11-16mm f/2.8, ambayo inaingiza mwanga zaidi ya mara mbili.

Siku hizi lenzi hizi nyingi utazipata zikiwa zimetumika, kwa kuwa watu wanahamia kamera zisizo na kioo cha kuakisi (mirrorless). Kama inatoka Dar, Tanga au Zanzibar, iogope kuvu kwanza. Joto na unyevu wa pwani huotesha nyuzi nyeupe ndani ya vioo, kama utando wa buibui. Ondoa vifuniko vyote viwili, mulika tochi ya simu kutoka nyuma, tazama kwa mshazari kutoka mbele. Vumbi punje mbili tatu si kitu. Utando, rudisha. Nyumbani zihifadhi kwenye ndoo ya plastiki yenye mfuniko unaobana, pamoja na vifuko vya silika vya kunyonya unyevu, na si ndani ya begi lililofungwa miezi.

Kwa mwenye pesa ya lenzi moja na tayari ana 18-55, ningemwambia achukue 55-250 kwanza, hasa akiwa anaishi panapoonekana milima. Aliye Unguja au Bagamoyo aanze na 10-18. Mwenye Nikon ana AF-P DX 10-20mm VR ya mwaka 2017, gramu 230, filta 72mm, ambayo kwa kazi ni ndugu wa hii yangu. Ila lenzi za AF-P hazifokasi kwenye kamera za zamani kama D90 na D3000, kwa hiyo nenda dukani na kamera yako mwenyewe, uifunge na kuijaribu hapohapo kabla ya kulipa.