Nimefika Tembe la Livingstone, Kwihara: vitu si vingi, ila nendeni

Mi ni mtoto wa Tabora kabisa, nimezaliwa Ng'ambo, nimeokota maembe ya barabarani tangu sijang'oa meno ya utoto, ila Kwihara sikuwahi kukanyaga mpaka mwezi uliopita. Aibu lakini ndo hivo. Wazungu wanashuka kwenye treni wanaulizia Tembe, ile nyumba aliyokaa Livingstone, yule mmisionari na mpelelezi wa zamani, we mwenyeji unawanyoshea kidole tu, huko huko mbele. Kilichonipeleka ni mpwa wangu, yuko darasa la sita Mwanza, kaja likizo na kazi ya shule, kila mtoto aandike habari za sehemu ya kihistoria aliyofika mwenyewe sio ya kuhadithiwa. Mjomba nipeleke. Nikakosa pa kukimbilia.

Kufika sio shida, ni kama kilomita 6 kutoka mjini ukielekea kusini magharibi, njia ya vumbi, boda au bajaji inafika. Shida ni boda wetu, alituapia anapajua kumbe anabahatisha, akatushusha kwenye nyumba ya watu kabisa, kuku wanapishana mlangoni na mama mmoja anaanika mihogo. Mama akatucheki akacheka, "Mwangaluka! Mzungu wenu hakai hapa, rudini mlikotoka mkate kona." Kwaio ukichukua boda muulize kwanza yeye mwenyewe kashaingia ndani au kasikia tu.

Sasa pale penyewe. Kabla hujaona kitu chochote kwenye ukuta, simama nje uiangalie nyumba, maana kwangu mi nyumba ndo makumbusho yenyewe, hayo mengine ni nyongeza. Tembe ni nyumba ya udongo yenye paa bapa, hamna bati hamna msonge wa nyasi, yani juu wanalaza magogo, juu ya magogo fito, alafu nyasi na udongo unashindiliwa mpaka unakuwa kama sakafu. Bibi zetu walikuwa wanaanika mtama juu ya paa la namna hiyo. Kuta nene balaa, nilijaribu kuupima kwa mkono pale dirishani nikapotezea kiwiko chote. Tulifika saa saba mchana, jua la Tabora mnalijua, tulivyovuka kizingiti dogo akasema "mjomba wamewasha eisii?" Hamna eisii, ni udongo tu. Nikakumbuka nyumba yangu ya bati nikanyamaza.

Milango ni ile ya kuchonga ya watu wa Pwani, na usipite haraka, mwambie mtoto apitishe kidole kwenye nakshi zile aone mtu alivyokaa na patasi siku ngapi. Ndani kuna vyumba vimezunguka ua. Na nyumba hii Livingstone hakuijenga wala haikuwa yake, ilikuwa ya wafanyabiashara wa Kiarabu waliokuwa wameweka kituo huku Unyanyembe, yani eneo hili la Tabora, njia panda ya misafara, ukitoka Bagamoyo ndo unafika hapa unaamua unaenda Ujiji au unapanda kaskazini kwenye ziwa Victoria. Dogo akauliza kwa sauti, "kwaio alikuwa mpangaji?" Mzee aliyekuwa anatutembeza akacheka mpaka akashika ukuta. Akasema hapana mjukuu wangu, mgeni, tena mgeni aliyekwama.

Na hapo ndo hadithi ikaninogea, maana shuleni sisi tulifundishwa tu Stanley, yule mwandishi wa gazeti aliyetumwa kumtafuta, kamkuta Livingstone Ujiji 1871, basi, kengele. Hakuna aliyetwambia kwamba Livingstone alikutwa Ujiji hana kitu, mali yake aliyotumiwa kutoka Pwani ilishauzwa na mtu aliyekabidhiwa aitunze. Wakaondoka wote wawili Ujiji tarehe 27 Desemba 1871 wakafika Kwihara 18 Februari 1872, siku 53, kipande ambacho leo unalala kwenye treni unaamka umeshafika. Na Stanley alipokuwa anaenda huko kumtafuta ilibidi azunguke kusini, njia ya moja kwa moja ilikuwa imefungwa na Mirambo, mtemi wetu, ambaye mwezi wa nane 1871 alikuja kuwachomea Waarabu nyumba zao hapa Tabora. Mzee alipofika hapo kwa Mirambo sauti ilipanda kidogo, si unajua tena.

Stanley akaondoka kurudi Pwani tarehe 14 Machi, akamwahidi atamtumia watu na vifaa. Livingstone akabaki kwenye vyumba hivi hivi anasubiri. Siku tano baadae akatimiza miaka 59. Akasubiri Aprili, Mei, Juni, Julai, wale watu wanafika katikati ya Agosti, tarehe 25 anaondoka na hakurudi tena akiwa hai. Nilikaa kwenye kizingiti nikiangalia ule ua nikawa nawaza, mtu mzima kila asubuhi anatoka anaangalia njia ya mashariki, kama mtumishi anayecheki simu mwisho wa mwezi mshahara haujaingia. Ukutani kuna ramani, picha na nakala za barua na karatasi za zamani, sawa zisomeni, ila mi kilichonishika ni kile kizingiti.

Alafu kuna sehemu ya pili ambayo wengi wanaikatisha, wanapiga selfi wanaondoka. Msiondoke, mwambieni muongozaji awasimulie habari ya Susi na Chuma, watumishi wa Livingstone. Livingstone kafariki 1 Mei 1873 kwa Chitambo, saivi ni Zambia. Wale jamaa wakazika moyo wake kule kule chini ya mti, mwili wakaukausha juani, wakaufunga na gome la mti na kitambaa, wakaanza kutembea nao kwenda Pwani. Mwezi wa kumi wakafika hapa Unyanyembe. Wakamkuta Mwingereza Cameron na wenzake waliokuwa wanamfuata Livingstone, Cameron akashauri wamzike hapa hapa. Wakakataa. Hebu fikiria ujasiri huo, mwaka 1873, mwajiri wako kafa, mzungu mwenzake ofisa wa jeshi la majini anakwambia tua mzigo, we unasema hapana tunaendelea.

Mbele kidogo wakapata kikwazo, wenyeji hawataki maiti ipite kwenye nchi yao. Wakatengeneza maiti ya uongo, baadhi yao wakajifanya wanairudisha Unyanyembe, ile ya kweli wakaifunga ikawa kama robota la vitambaa, mzigo wa kawaida wa mpagazi. Ikapita. Bagamoyo wakafika Februari 1874, Aprili mwili ukazikwa London, Westminster Abbey. Kwa hesabu yangu mi hii nyumba ingeweza kuitwa Tembe la Susi na Chuma na isingekuwa uongo, wao wamepita hapa mara nyingi kuliko huyo mwenye jina.

Nimeshafika na Ujiji pia, kwenye ile makumbusho yenye masanamu mawili ya wazungu wanavuliana kofia. Ujiji unapiga picha nzuri, watoto wanafurahia masanamu. Kwihara unakaa. Kama una siku moja tu na uko na watoto wadogo sana wasiotulia, Ujiji. Kama una mtu anayeuliza maswali, Kwihara.

Kitu kimoja ningeomba kiongezwe, na hakina gharama. Waweke pale uani robota moja la frasila mbili, yani kama kilo 32 hivi, kitambaa cha merikani kimefungwa vizuri na kamba, mgeni ajaribu kubeba begani kutoka mlango huu mpaka ule. Wanyamwezi ndo waliokuwa wanabeba haya mpaka Pwani na kurudi na ukiwa mgeni lazima uujue huo uzito kwa bega lako sio kwa kusoma.

Mengine ya haraka haraka: nendeni na kitambulisho, mzawa na mgeni hawalipi sawa. Bebeni maji. Mwambieni boda awasubiri au mchukue namba yake, kupata usafiri wa kurudi ni bahati. Masika udongo wa ile njia unateleza vibaya, kiangazi ni vumbi, chagua mateso yako. Saa mbili zinatosha, sisi tulikaa tatu kwa ajili ya maswali ya dogo. Nawapa nyota 4 na muongozaji wetu nampa 5 peke yake.

Jioni tumerudi nyumbani dogo kaenda moja kwa moja stoo, kakumbatia kiroba cha unga cha kilo 25 anataka kukipandisha begani. Shangazi yake anapiga kelele utajivunja kiuno we mtoto. Kakifikisha mpaka mlangoni kakitua, anahema, ananiangalia. Nikamwambia bado kilo saba.